Mvinyo wa Krismasi kwa Mzee Sebastiani

Dodoma, 14 Desemba 2023

Shikamoo Baba,
Habari za hapo Katandala, na kifua kinaendeleaje? Sisi wazima. Kwa kuwa simu zangu hupokei, nakuandikia. Nimekutumia kwa basi chupa mbili za mvinyo. Hapa kiwandani ninapofanya kazi nimeonja aina sita, nikachagua huu mwekundu usio na sukari, maana vitamu hupendi. Ufungue nusu saa kabla ya kula, unywe na nyama ya mbuzi. Mume wangu Shigela ndiye aliyezifunga chupa kwa sweta lake zisivunjike. Ukiwamiminia ndugu, waambie zimetoka kwetu wawili.
Mwanao, Epifania

Katandala, 8 Januari 2024

Marahaba mwanangu,
Kifua kinabana kwa baridi hii, mvua haikatiki, ila mahindi yamestawi. Divai ilifika. Ni nzuri, haikwarui koo. Baba yako mdogo Modesti aliinywa hadi tone la mwisho, akauliza imetoka wapi. Nikasema ameleta kaka yako, Edwin. Ulitaka nisemeje? Mlifunga ndoa bomani, kanisa mkaliacha. Simtaji mtu huyo mezani kwangu siku aliyozaliwa Bwana.
Baba yako, Sebastiani

Dodoma, 29 Desemba 2024

Shikamoo Baba,
Hujambo na sikukuu? Mwaka mzima sikukuandikia, nilikuwa na donge moyoni. Leo naandika machozi yakinitoka kwa furaha. Shigela amerudi jana kutoka kwako. Nilimkataza kuja, akasema zawadi ya sikukuu hupelekwa kwa mkono, akachagua chupa mwenyewe. Amenieleza yote: ulivyomketisha karibu nawe, ukafungua, ukaonja, ukasema, "Huyu mkwe anajua kuchagua." Na kwamba ulicheka! Nimemfanya arudie mara tatu. Asante sana Baba. Pasaka tutakuja wote wawili.
Mwanao, Epifania

Katandala, 10 Januari 2025

Epifania,
Marahaba. Mimi sijambo. Usinishukuru kwa nisilolitenda. Huyo bwana alibisha hodi mchana wa Krismasi tukiwa tunakula. Nikatoka, nikamwambia, "Hapa hakuna mwenye mkwe." Akaiweka chupa barazani, akasema, "Sikukuu njema, Baba," akaondoka kwa miguu na mvua ile. Chupa nimempa jirani, mama Hilaria. Kwa nini amekudanganya, sijui. Muulize.
Baba yako, Sebastiani

Dodoma, 21 Januari 2025

Shikamoo Baba,
Nakuamkia kwa sababu ndivyo ulivyonilea.
Sijamuuliza. Juzi tukila, alinisimulia tena ulivyocheka, safari hii akaongeza kwamba ulimmegea paja la kuku. Nikacheka naye. Halafu nikainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha.
Kumkataa kwako nilishakuzoea, Baba. Kinachoniuma ni huyu baba mwingine aliyenitungia Shigela, anayecheka na kumegea watu nyama. Wiki mbili nilikuwa naye, nikampenda.
Pasaka hatutakuja. Nimemwambia Shigela umeandika kwamba kifua kimezidi na daktari amekukataza wageni. Akasikitika kweli, akauliza ni dawa gani tukutumie. Barua yako nimeichoma jikoni asije akajua kuwa najua.
Usiniandikie tena. Barua za hapa anazichukua yeye, ile tu niliwahi kuichukua mimi.
Mke wa Shigela,
Epifania