Sahani za Ofisa

Nsambya, 4 Machi 2024

Mwanangu Nasike,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ila nyonga inanitesa na daktari anataka kuipasua. Sahani za babu yako zipo zote. Juzi Amony, yule mke wa askari, aliziazima kwa matanga ya shemeji yake, na zimerudi.

Mama yako

Doha, 19 Machi 2024

Mama mpendwa,

Nyonga inasemaje? Nani atakupikia ukitoka hospitali? Likizo wameninyima, na usingizi sipati.

Halafu hizo sahani. Mama, ni kaure ya zamani, ndege wamechorwa kwa mkono. Ofisa wa jeshi la majini alimwachia babu, mpishi wake, alipoondoka Mombasa. Nilimwonyesha picha mtaalamu wa vyombo hapa hotelini. Alifurahi mpaka akaona upande wa chini: umepaka rangi ya kucha juu ya nembo ya manowari! Nilitaka kuzirithi zikiwa safi. Tafadhali zifungie kabatini.

Mwanao Nasike

Nsambya, 2 Aprili 2024

Nasike wangu,

Usinune. Kwenye shughuli, sahani za mtaa mzima huoshwa karai moja. Bila alama nyekundu, yangu ningeijuaje? Huyo ofisa hakuwahi kuazimwa chombo na majirani wa Nsambya. Sifungii kitu. Jumatatu naingia hospitali, niombee.

Mama yako

Doha, 30 Aprili 2024

Mama,

Simu haishikwi, barua hakuna. Naogopa. Mwambie mtu yeyote aniandikie.

Nasike

Nsambya, 11 Mei 2024

Mwanangu,

Pole kwa kimya, simu ilipotelea wodini. Nimerudi, natembea na fimbo.

Siku ya kwanza nyumbani, Amony aliingia akaomba sahani moja. Mbambu, jirani mwingine, naye akaomba, na wengine baadaye. Niliumia moyo: mtu hawezi hata kusimama, nao wanaazima vyombo! Mchana Amony akarudi na sahani yangu imejaa mboga za simsim, zilizoungwa kwa ufuta. Akasema, "Sahani ya mtu hairudi bure, mama. Wewe kaa tu, sisi iko." Mbambu akaleta ndizi na nyama. Kesho yake wakaazima tena. Sijalala njaa hata siku moja.

Mama yako

Doha, 28 Mei 2024

Mama yangu,

Nimelia kazini mpaka wakadhani nimefiwa. Wasalimie wote, kila mlango. Likizo nimepata Agosti. Kabati liache wazi. Nakuletea chupa ya rangi ya kucha, nyekundu ileile, maana pichani niliona ya zamani imeanza kubanduka. Nitazipaka mwenyewe.

Mwanao Nasike