Freni ya Gari ya Mama Neema

Siku ya pili ya juma, tarehe 7 mwezi wa kumi

Maji ya radiatere: sawa. Mipira ya magurudumu ya mbele: sawa. Ule wa nyuma kushoto unapunguka kila juma, nimeupiga pompi. Makatoni ya sabuni na chumvi iko ndani tangu saa kumi na mbili. Nikashuka barabara ya Kimemi. Karibu na soko nikakanyaga freni, gari ikakimbilia kuume. Pedali nguvu kama jiwe. Motari, dereva wa pikipiki mwenye alibeba mama na mutoto, alinipita mbele ya pua. Alinitukana. Alikuwa na haki.

Si mara ya kwanza. Tangu juma iliyopita gari inanuka kuungua na inakuwa nzito, kama vile mutu anaishika kwa nyuma. Nilimuambia Kambale. Bwana yangu anafundisha fizike ku sekondari, donc yeye njo anajua yote. Akaniangalia juu ya miwani: "Mama Neema, unaweka muguu ku pedali bila kuutoa. Freni itakosaje kupata moto?"

Miaka sita niko naendesha Butembo–Beni. Sita! Yeye anaendeshaka siku ya Mungu, kutoka nyumba mpaka kanisa.

Nimekasirika mpaka nimeunguza maharagi.

Siku ya tatu, tarehe 8

Garaji ya Paluku. Njo fundi yetu tangu tununue gari. Nilimueleza vizuri: pedali nguvu, gari inavuta kuume, magurudumu ya mbele inachemka. Akafungua kapo ya motere. Akafungua kifuniko ya chupa ya mafuta ya freni, akaangalia ndani, akafunga mbio. Niliona uso yake inabadilika.

Nikauliza iko nini. Hakuna kitu, mama. Akaenda nyuma ya lori moja na simu yake. Alisema na mutu kwa muda murefu, sauti chini. Akarudi bila kuniangalia ku macho.

"Mama, gari iko bien. Mais uko na muguu nzito. Punguza."

Muguu nzito. Karibu maneno ya Kambale yenyewe. Hakutoa gurudumu hata moja. Banaume babili banahukumu muguu yangu, na mimi nimesimama pale kama katoni ya chumvi.

Nilirudi nyumbani polepole, naongea mwenyewe mu gari. Batu bananiangalia. Baangalie.

Siku ya ine, tarehe 9

Mvua tangu asubui. Sikutoka. Sikusema na Kambale ila mara moja: chumvi iko ku meza.

Siku ya tano, tarehe 10. Beni

Nitaandika tu vile ilipita.

Katungu, dada mudogo wa Kambale, eko na mimba ya miezi saba. Munganga wa Beni alimuita kwa kumupima. Kambale njo alipanga: "Enda na Mama Neema. Fundi ameangalia gari, iko bien." Alimubebea sakosi mpaka ku gari. Akamufungia mulango.

Mpaka kijiji ya Kalunguta, harufu tu. Tukafungua madirisha. Katungu akasema labda ni batu banachoma mashamba. Nikaendelea kuendesha.

Kisha muteremuko. Nikakanyaga. Pedali ikaenda mpaka chini, kama nakanyaga matope. Nikapompa. Hakuna. Nikapompa tena. Hakuna! Mbele yetu lori ya mbao inashuka pole. Kushoto, shimo. Kuume, ukingo ya udongo. Nikarudisha vitesi ku gea ya pili. Ya kwanza, motere inalia. Nikavuta freni ya mukono na nikapeleka gari ku udongo, ubavu muzima. Usukani yangu iko kuume, donc udongo ilipita karibu na bega yangu. Ilikwaruza. Ilikwaruza tena. Ikasimama.

Katungu hakupiga kelele. Alishika tumbo na mikono mbili, akasema tu: "Yesu."

Aligonga kichwa, si sana. Mais tumbo ikaanza kumuuma.

Basoda ba barieri ya barabara balikuja mbio. Mumoja hajui Swahili, alinionyesha gurudumu: moshi. Akamwaga maji yake yote ya kunywa pale, ikachemka kama mafuta ya kukaanga. Sabuni zangu mu barabara. Nani aliwaza sabuni?

Mzee Ramazani akafika na lori yake. Ni mutransporta wa Beni, tunajuana ku parking, tunasalimianaka tu. Hakuuliza maneno mingi. Alisimamisha gari ya kwanza yenye ilipita, akatupandisha. "Mama, wewe enda na mugonjwa. Gari yako niachie mimi."

Katungu amelala ku hopitali. Banganga hawajasema kitu. Niko ku benchi ya koridoo na kitabu hii ku magoti.

Siku ya sita, siku ya posho, tarehe 11. Beni

Moyo ya mutoto inapiga. Munganga aliweka mashini, tukaisikia wote babili, mbio mbio. Katungu hapana kuamuka ku kitanda mpaka bamuambie. Nililia ku choo. Sikutaka anione.

Muchana nilienda kwa Mzee Ramazani. Alivuta gari yangu mpaka ku kiwanja yake na hakuigusa. Alikuwa ananingojea mimi, mwenye gari. Ni kitu kidogo. Mais tangu siku ya pili ni mwanaume wa kwanza kuniona mimi kama mwenye gari.

Alifungua kifuniko ya chupa ya mafuta ya freni. Mupira wa ndani umevimba, haurudi tena fasi yake. Akaniambia nilete gilasi ya maji. Akavuta mafuta kidogo na sindano ya hopitali, akaitia mu maji.

"Mafuta ya freni inachanganyika na maji, inapotea. Angalia hii."

Haikupotea. Ilirudi juu, ikaelea, nyekundu.

"Hii ni mafuta ya usukani. Inavimbisha mipira yote ya freni. Freni inashika gurudumu bila kuachia, inapata moto, moto inazidi, kisha pedali inakufa. Nani alitia?"

Sikujua. Nilijua mutu mumoja tu mwenye alifungua ile kifuniko na akaifunga mbio. Mzee alinitilia mafuta kidogo mu chupa ya sirop. Niko nayo mu sakosi. Nikiigusa, damu inachemka.

Siku ya Mungu, tarehe 12. Beni

Misa ya kwanza. Sikusikia injili. Nilikuwa natafuta maneno ya kumuambia Paluku, na hata moja haikuwa ya kutamkwa mu kanisa.

Nilipigia Kambale. Juzi nilimuambia tu tumeanguka na tuko bazima. Leo nilimueleza yote: mupira, gilasi, mafuta nyekundu. Akasema: "Ni Paluku. Bafundi ba leo ni bezi. Mais hapana kuenda kule na fujo. Nitasema naye mimi mwenyewe."

Mimi mwenyewe! Alikuwa wapi na mimi mwenyewe yake wakati nilimuambia gari inanuka?

Siku ya kwanza, tarehe 13

Nilipanda gari ya kubeba batu asubui sana. Kufika Butembo, sikuenda nyumbani. Nilienda garaji na sakosi ku bega.

Kulikuwa bateja, mashoferi, mama wa kuuza mandazi ya beinye. Vizuri. Niliomba gilasi ya maji, nikatia ile mafuta mbele ya wote. Nikasema: angalieni vile Paluku anatengeneza freni. Nikamuita muongo. Nikamuita muuaji. Nikasema mutoto wa Katungu atazaliwa akijua jina yake. Sauti yangu ilifika mpaka barabara.

Aliniacha nimalize. Akapanguza mikono, akakuja karibu, akasema pole:

"Mama Neema, ile siku ya tatu nilipigia nani simu?"

"Nitajuaje?"

"Papa Neema, bwana yako. Yeye njo alitia ile mafuta. Nilimuambia gari isitembee hata metre moja, mipira yote ya freni ibadilishwe. Akasema niache, atapanga mwenyewe. Akasema nikuambie ni muguu yako." Akaangalia chini. "Anafundisha batoto bangu. Nilimuheshimia. Nilikosa, mama."

Nilibeba sakosi, nikatoka. Sijui nilipita njia gani.

Ku depo yetu ya nyumbani, nyuma ya katoni ya makaye, madaftari ya banafunzi ba Kambale, chupa. Nusu. Nyekundu. Usukani imechorwa juu yake, kubwa, hata mutoto wa darasa ya kwanza angeelewa. Nilikaa chini ku simenti.

Kambale ametuma message, eko na mukutano ya bazazi, atachelewa. Achelewe. Nitalala na Neema, mutoto wetu. Leo nikifungua kinywa, jirani wote batajua.

Siku ya pili, tarehe 14

Asubui niliweka chupa karibu na chai yake.

Aliiangalia. Akavua miwani, akaiweka tena.

"Mafuta ilikuwa imepunguka," akasema. "Nikaona hii mu depo. Nikafikiri mafuta ni mafuta."

"Na Paluku akakuambia."

"Aliniambia."

"Siku ya tatu. Na siku ya tano ukamufungia dada yako mulango na mukono yako."

"Nilikuwa na haya, Mama Neema. Fundi ananifundisha mimi fizike? Nilisema nitanunua mipira ya freni mwisho wa juma, hakuna mutu atajua. Nilifikiri itafika."

"Haya yako haingekufa. Sisi njo tungekufa."

Akaweka mikono ku uso. Nilimuambia maneno mingine. Hayo siandiki. Kalamu ingetoboa karatasi.

Sikumuhurumia. Naandika hivyo juu ni kweli. Kosa ya mafuta, ningemusamehea ku meza hiyo hiyo, chai ikiwa bado moto. Hata mimi nilikosaka mingi na gari hii. Mais alijua. Alijua na akaweka kosa ku muguu yangu, akanipa Paluku nimukule, na nilimukula.

Nilimuambia: leo unaenda Beni. Unamuambia Katungu wewe mwenyewe, kabla asikie ku kinywa ya mutu mwingine. Na njiani unasimama ku garaji. Akasema eko na interro, mutihani ya kidato ya tano. Nikamupatia koti yake.

Siku ya tatu, tarehe 15

Katungu alinipigia. Kambale alifika jana na mavumbi mpaka ku kope. Alikaa ku mwisho ya kitanda, akasema yote bila kuficha. Katungu akamufukuza. Kisha akamuita tena, juu alikuwa na kiu na hakuna mutu mwingine wa kumupa maji.

Nilicheka. Kisha nikakasirika juu nimecheka.

Mimi pia nilikuwa na njia ya kwenda. Mama wa beinye alikuwa pale, mashoferi babili bale bale. Nilisema kwa sauti ya kusikika: Paluku hakutia ile mafuta, na nilimuita muuaji, naomba musamaha kwa neno ile. Paluku akasema asante mama. Nikaongeza: mais ulijua, na uliniacha niende. Kwa kosa hiyo, hapana musamaha bado. Gari yangu hairudi hapa.

Akakubali na kichwa. Aliniandikia ku karatasi vipuri, mapiesi yote ya kutafuta, moja moja, na mwandiko safi. Akasema Kambale alikuwa amepita pale jana. Paluku hakuniambia maneno gani. Sikuuliza.

Siku ya posho, tarehe 18. Beni

Kazi kutoka asubui mpaka saa kumi, mu kiwanja ya Mzee Ramazani. Tulitoa mipira yote. Ile ya zamani ilikuwa laini na kubwa, kama mihogo ya kulowekwa. Tukaosha mabomba yote na tukatia mapiesi mapya.

Kisha kutoa hewa. Mutu mumoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua vis, skrubu ndogo, chini, ku gurudumu. Mzee akaangalia Kambale, akaangalia mimi, akanipa mimi ufunguo ya kufungua vis. Kambale akakaa ku usukani.

"Kanyaga," nikasema. "Shika. Acha." Mafuta ikatoka na mapovu. "Kanyaga. Shika. Acha." Gurudumu ine. Alifanya kila neno, hakuuliza, hakunifundisha kitu. Nilikuwa na mafuta mpaka ku nywele. Gurudumu ya mwisho, Mzee alienda kuswali na akatuacha peke yetu nayo.

Ikatoka safi. Nikafunga vis. Tulikaa hivyo kidogo, yeye juu, mimi chini.

"Mama Neema," akasema. "Naweza kutoa muguu?"

"Toa."

Siku ya Mungu, tarehe 19

Tumerudi Butembo.

Katungu anabaki Beni mpaka azae, munganga amekataa barabara. Anakula vizuri. Anamuagiza kaka yake vitu vya ajabu na anavipata.

Niliendesha mimi. Kwanza nilijaribu freni ku barabara sawasawa, mara tatu, kisha ku kilima kidogo. Gari ilisimama bila kuvuta upande. Mzee Ramazani alisimama ku mulango ya kiwanja mpaka tukapotea.

Ku muteremuko, ukingo ya udongo iko na rangi yetu nyeupe, murefu. Tuliiangalia wote babili.

Jua ilikuwa nzuri. Batu banatoka ku misa, bamama na manguo safi kando ya barabara. Kambale alikuwa na mikono ku magoti. Kila mara tukianza kushuka, niliona muguu yake ya kuume inasukuma sakafu, nguvu, mahali kwenye hakuna pedali. Sizani alijua anafanya vile.

Sikumuambia. Nilipunguza mwendo kidogo, tukaendelea kushuka.