Mashallah Iliyokataa Kutoka

Kisauni, Jumapili baada ya Isha, 1962

Hata pilau yao sikuila.

Leo tumekandika nyumba ya mdogo wangu Zuhura. Mimi ndiye niliyetangulia kujenga, tangu mume aliponipa talaka, nikaapa kwamba Uhuru utanikuta chini ya paa langu mwenyewe. Yeye mumewe ana kazi bandarini, keshamwezekea mabati. Mimi bado nashona makuti kila jioni mpaka vidole vinachubuka.

Nimekanyaga udongo, nimekandika ukuta wa mbele wote, na kila aliyepita alisema mashallah. Mimi nikasema tu, "Nyumba nzuri."

Shangazi akanikazia macho. "Sema mashallah, mwanangu, usije ukampiga mwenzio jicho."

Wallahi, ulimi ulikataa. Nikajifanya nakohoa.

Halafu Zuhura akanivuta kando, mikono yote udongo. "Dada, chumba cha uani nimekuwekea wewe. Wacha kujitesa na yale makuti."

Alisema kwa mapenzi, najua. Ingalikuwa kejeli ningalimjibu. Niliondoka bila kuaga, kwa sababu naogopa kwamba siku moja nitachoka kweli, na kile chumba kitakuwa kinaningoja...

Nimepitia kiwanjani kwangu kabla ya Magharibi. Nguzo zimesimama tupu, na mbuzi wa jirani amelala pale ninapotaka pawe ukumbi. Nikazitazama nguzo zangu, na ile mashallah iliyonikwama mchana kutwa ikatoka yenyewe.

Kisha nikamfukuza yule mbuzi ukumbini mwangu.