Mwenye Kisima Apumzike

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Shikamoo yako imenifikia hapa Likoni, marahaba. Babu yako amepona jicho. Umeniuliza iwapo kisima chetu kina pepo kweli.

Nilipokuwa msichana, maji yake yaliingia chumvi, nasi hatukuwa na kisima kingine karibu. Bibi yangu akafukiza ubani, akatangaza: "Mwenyewe amechoka. Siku saba mtu asitie ndoo."

Nikamcheka. "Mwenyewe yupi, bibi? Mbona hatumwoni?"

"Na hiyo chumvi waiona?"

Siku ya nane tukaonja: maji matamu! Mtaa mzima ulipiga vigelegele.

Baadaye nilisoma kwamba kisima kikipumzishwa, maji ya bahari hurudi nyuma. Ni sahihi. Ila majirani waliweka ndoo chini kwa kumstahi mwenyewe, na maji hayo twayanywa hadi leo.

Bibi yako