Vifuko Vilivyonyauka

Chebet wangu,

Huku Kesses tuko salama, ni mvua tu inaozesha mahindi shambani. Umeniuliza kama daktari anaweza kukosea akisema mayai yako ya uzazi yanakufa mapema.

Nikiwa mke kijana nilifanya kazi ya kulisha panya wa maabara katika chuo kikuu cha huku. Mamako alikuwa ameanza shule, na mtoto wa pili alikataa kuja. Siku moja mtafiti alinionyesha kwa hadubini ovari ya panya. Vifuko vinavyolea mayai na kutengeneza homoni vilikuwa vimenyauka.

“Vitarudi?” nikamuuliza.

“Hapana, Mama. Kikishakufa, kimeenda.”

Nilirudi kulisha panya waliobaki, machozi yakinitoka.

Mamako anasema tuombe, na tutaomba. Lakini sitakudanganya, mjukuu wangu. Uje nyumbani, tulie pamoja.

Kogo wako