Mtu Anayengoja Kofia

S.L.P. 37,
Kibondo,
Kigoma.

19 Aprili 1998

Mpendwa mdogo wangu Bazilio,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za Halifax, habari za masomo, na habari za kifua? Katika barua yako ya Februari ulisema kikohozi kimepungua, lakini mwandiko ulikuwa unayumba, na mimi ndiye niliyekufundisha kushika kalamu, kwa hiyo hunidanganyi. Kunywa maji ya moto, vaa soksi mbili mbili, na usione haya kuonekana mshamba.

Sisi ni wazima. Mama yuko Kitahana, mguu unamsumbua asubuhi lakini ukishapata jua unakubali kutembea. Anakusalimu kwa Kiha chake, Mwakeye, na anauliza utarudi lini. Mimi humjibu kwamba unasomea misitu, na miti haikui kwa siku moja. Pasaka tulikula vizuri wiki iliyopita, ingawa maharage ya kwanza yote yameozea shambani kwa mvua hii wanayoiita Elninyo. Barabara ya Kasulu imekatika mara mbili. Shemeji yako Nestori ameezeka upya banda la mbuzi, na nyumba yetu wenyewe bado inavuja.

Najikuta naandika habari za mbuzi kwa sababu naogopa kufika kwenye jambo lenyewe. Basi nifike. Nataka umrudishe namba ishirini na tatu.

Usiikunje barua. Soma mpaka mwisho, kisha ukasirike ukitaka.

Kumbuka tulivyoanza. Mwaka juzi uliona picha katika kijarida cha kanisa huko, mtoto wa kambini kwetu ameshika mdoli wa plastiki, mrefu kama kidole cha kati, mmoja wa wale watu wa angani wa filamu zako. Ukamtambua mdoli kabla hujatambua kwamba kilima kilicho nyuma yake ni cha kwenu. Ukaniandikia kurasa nne. Ulisema midoli ya kawaida ilijaa kila duka, lakini mingine iliuzwa na duka moja tu, kwa rangi zake za pekee, na watu wakaipita bila kuitazama kwa sababu haikuwa mashujaa. Ni fundi wa chombo, ni mpishi, ni mlinzi wa mlango. Ikakaa ghalani miaka, mwisho ikatolewa msaada kwa watoto wa wakimbizi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii ilijitembeza mpaka Kigoma. Ukasema wenzako wote wanakimbilia mashujaa, wewe unawataka hawa waliosahauliwa.

Nilicheka sana. Halafu nikaanza kuitafuta, kwa sababu wewe ni mdogo wangu na uko peke yako huko. Mtoto aliyeniletea mdoli nilimpa daftari na kalamu, au kaptula niliyounga kwa vipande. Sokoni wakaanza kuniita Mama Midoli, na sasa hata wateja wa sare za shule wananiulizia kwa jina hilo. Nawe ukanipa masharti yako: kila mdoli namba, tarehe, mahali, jina la aliyenao, kilichopungua, na neno lolote alilolisema mwenyewe. Nikanung'unika kwamba umenifanya karani bila mshahara. Leo namshukuru Mungu kwa ukarani ule.

Ninalo daftari hapa mbele yangu. Nakala yake unayo katika barua yangu ya Septemba. Nanakili kama nilivyoandika: “Na. 23. Tarehe 6 Septemba 1997, kambini, upande wa Kakonko. Fundi wa chombo, suti ya kahawia, bega jekundu, kisigino cha kushoto kina alama za meno. Hana kofia. Kutoka kwa mtoto Immakulata, miaka kama saba, analelewa na mama Dorcas. Nimempa kandambili mpya. Mtoto anasema mtu huyu anaingoja kofia yake.”

Hayo niliyaandika. Sikuandika kwamba mtoto alikuwa amemshika kwa mikono miwili, na kwamba Dorcas alimwambia, “Mpe mama, mdoli hauliwi.” Wala sikuandika kwamba alipomwachia aliniuliza, “Atarudi?” Nami nikasema atarudi. Nilisema kama tunavyowaambia watoto kwamba sindano haiumi. Nikamtia mkobani nikaenda zangu.

Ulifurahi ulipompata, barua yako ile Nestori aliisoma kwa sauti tukacheka wote. Februari ukaandika kwamba ukipata na kofia yake, wale kumi na wawili wa duka lile watakuwa wametimia, na kwamba utawaonyesha kwenye mkutano wa wakusanyaji mwezi wa tano, ambako hakuna aliyewahi kuleta wote. Ukanisihi niitafute kofia kila mahali. Nimeitafuta, Bazilio. Na nimeiona.

Tarehe 14 Machi nilikwenda Makere, upande wa Kasulu, na furushi la sare, nikakaa kwenye kibaraza cha fundi mwenzangu karibu na kambi ya huko. Akaja msichana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, jina lake Akimana, kola ya gauni imechanika. Nilipoinama kuishona kwa mkono niliona shingoni mwake kamba ya katani, na kwenye kamba kofia ndogo ya kahawia yenye mstari mwekundu. Moyo uliniruka. Nakwambia ukweli, uliruka kwa furaha, Mungu anisamehe, nilikuwa nakufikiria wewe na mkutano wako.

Nikamwambia nitampa kandambili. Akasema, “Oya,” yaani hapana kwa Kirundi chao. Nikamwambia gauni zima. Akasema oya tena, kwa adabu, akiwa ameifunika kwa kiganja.

“Haiuzwi, mama. Ina mwenyewe.”

“Mwenyewe ni nani?”

“Ni mtu mmoja, anaingoja. Yuko kwa mdogo wangu.”

Sindano ilinibaki hewani. Akanieleza, nami nakueleza kwa kifupi. Walivuka mpaka mwishoni mwa mwaka tisini na tatu, yeye ana miaka tisa, mdogo wake Niyubahwe ana mitatu, wazazi hawakuvuka. Kwenye kituo cha mapokezi waligawiwa vitu kutoka kwenye maboksi, wao wakapata mdoli mmoja kwa wawili. Mtoto alipochomwa sindano, dada yake alimtia mdoli mdomoni aume ili asipige kelele. Nilimuuliza aliuma wapi. Akashika kisigino chake mwenyewe, cha kushoto.

Homa ikapanda, mdogo akachukuliwa na gari la wagonjwa. Akimana akazuiwa kupanda. Mtoto alikuwa analia vibaya, basi dada yake akamvua yule mtu kofia, akamwambia, “Huyu hawezi kwenda popote bila kofia yake. Mkae naye mngoje, mimi nitaileta.” Jioni ile yeye akapakiwa kwenye lori la Kasulu. Mdogo alipopona akapelekwa Kibondo. Tangu hapo miaka minne na zaidi hajamwona.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza, kwa muda wa kumaliza upande mmoja wa kola. Kisha nikamwambia kwamba mtu wake nilikuwa naye mimi, na kwamba nilimpata kwa kandambili. Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza nimempeleka wapi. Nikasema ng'ambo, kwa mdogo wangu. Akanitazama akasema, “Bila kofia?”

Tangu siku hiyo sijakaa vizuri, Bazilio. Nakanyaga cherehani namsikia.

Nilirudi Kibondo nikaenda moja kwa moja kwa Dorcas. Usimwone mbaya. Ni yeye aliyempokea mtoto ametoka hospitali hajui jina la baba yake, akambatiza Immakulata, akamlea na wake. Lakini anaogopa kunyang'anywa, na mtu anayeogopa hasikilizi. Anasema watoto waliopotelewa na ndugu ni wengi, na hadithi kila mtu anayo. Tena mume wake amepata ndugu Mishamo, huko Mpanda, na wote watahamia huko mwisho wa Juni. Wakishafika Mishamo, nani atawafuata?

Mtoto mwenyewe hamkumbuki dada yake, si sura wala jina. Anakumbuka tu kwamba kuna mtu ataleta kofia. Aliponiona mlangoni alikimbia kuchungulia mkoba wangu, kisha akarudi akakaa. Kandambili zilikuwa zimeshamwishia.

Nikaenda kwa mtumishi anayeshughulika na watoto waliotengana na ndugu zao, anaitwa Nathaniel, mtu wa Iringa, mpole lakini mgumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mama, majina hayafanani, na wewe ndiye uliyesikia pande zote mbili. Nitajuaje hukuwalisha maneno?” Nilitaka kumjibu vibaya. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyembeba mtu yule mkobani, nikamuuliza atakubali ushahidi gani. Anasema hawezi kumtoa mtoto kwa mama aliyemlea kwa sababu ya maneno matupu, lakini akiletewa mdoli atamweka mezani kati ya midoli mingine mitano, na mtoto achague wake. Kisha Akimana ajaribu kofia, maana kofia ile ina kijino ndani kinachoingia kwenye tundu la kichwa cha fundi yule tu. Midoli mitano ninayo sandukuni. Dorcas naye amekubali hivyo mbele ya Nathaniel. Amesema mtoto akimtambua, hatapinga.

Akimana nimempelekea habari hizi na basi la Kasulu, kwa mkono wa yule fundi wa Makere. Alijibu kwamba mara mbili ameitwa kwenda kumwona mdogo wake, na mara mbili amekuta mtoto wa watu. Safari ya tatu hatakwenda mpaka aambiwe kwamba mtu yule amefika. Sasa unaona kila njia inaishia wapi. Inaishia kwenye kabati lako la kioo.

Kwa hiyo sikiliza ninachotaka. Mwatumu, yule mwalimu wa wauguzi aliyekuwa hospitali yetu, amemaliza kozi hapo hapo Halifax na anaondoka tarehe 2 Juni. Nambari ya simu yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mkabidhi mkononi. Usimpeleke posta, posta nimeshapoteza kwao fulana tatu. Mpe na barua yangu ya Septemba, pamoja na bahasha yake yenye muhuri, maana Nathaniel akiona tarehe ya posta atajua kwamba maneno ya kofia niliyaandika miezi sita kabla sijamjua Akimana. Najua bahasha unayo. Wewe hata tiketi ya basi la Kigoma la mwaka themanini na tisa unayo.

Barua hii ikienda vizuri itakufikia katikati ya Mei, labda mkutano wako haujapita. Waonyeshe kama ni lazima, siwezi kukuzuia nikiwa huku. Lakini usiniandikie kwanza kuniuliza kama nina hakika, wala kama wanaweza kutumia picha yake. Jibu lako likija na mimi nikijibu, Juni itakuwa imekwisha. Nilitaka kukutumia simu ya maandishi, nikakaa posta na fomu mkononi, nikashindwa kulipanga jambo hili katika maneno kumi.

Najua ninachokuomba. Najua ulivyokaa miaka ukiwatafuta, na kwamba hao kumi na wawili ndio jamaa zako huko baridini. Nilikuwa na hasira na wewe mwezi mzima kwa kunituma, mpaka nikakubali kwamba hukunituma kusema atarudi. Hilo ni langu. Ahadi ni deni, na hili nimeliweka juu ya kichwa cha mtoto wa miaka saba. Wewe ulisema unawataka wale ambao hakuna aliyewatazama. Basi na hawa wawili ni wa kundi hilo.

Nestori anakusalimu, na anasema ukirudi utakuta nyumba imeezekwa, usimwamini. Mama anakuombea kila asubuhi kabla hajaujaribu mguu. Nisalimie wote wa nyumba unayokaa, na yule bibi anayekupikia supu Jumapili.

Mungu akulinde kifua, akufungulie mitihani, na aulainishe mkono wako kwenye kufuli la kabati.

Ni mimi dada yako nikupendaye na ninayekungoja,

Pelagia

Nimesahau jambo moja, na ndilo linaloninyima raha. Februari uliandika kwamba utamtia kwenye maji ya moto ili kisigino kinyooke na alama za meno zipotee. Kama hujafanya, usifanye. Kama umeshafanya, mtume hivyo hivyo, ila niandikie ukweli kwenye kikaratasi ndani ya bahasha, ili nijue la kumwambia Akimana kabla hajamgeuza kutazama mguu.