Mnara na Mpunga wa Kwaya

Shangazi, shikamoo.

Mnara wa kengele wa matofali wa kigango chenu, huku nje ya Ifakara, hautabomolewa. Mhandisi amesema hivyo leo baada ya kushusha timazi kutoka juu na kupima ulivyoinama. Matofali ni mazima. Udongo ndio umelainika, kwa sababu kwaya ililima mpunga hadi ukutani na kuyazuia maji hapo kwa tuta. Akataka maji yatolewe leo hii, la sivyo mnara utazidi kulala.

“Mpunga ndio kwanza unachanua,” akasema Mama Agripina, kiongozi wa kwaya. “Tukitoa maji sasa tutavuna mapepe yasiyo na punje. Sare za Krismasi tutanunua kwa mapepe?”

“Basi kengele tukuvishe wewe shingoni, mama,” akasema mzee mmoja wa besi.

Watu walicheka, Mama Agripina hakucheka. Aliutazama mpunga, akamtazama mhandisi, kisha akachukua jembe na kulikata tuta mwenyewe. Maji yalitoka mpaka jioni.

Nimekula kambale wa kuchoma nyumbani kwake. Hakuutaja mpunga tena.

Uutunze mguu wako unaouma, shangazi. Jumapili kengele haitapigwa, mnara usije ukatikiswa; waumini wataitwa kwa kugonga rimu ya gari. Jumatatu mafundi wanaanza kushindilia msingi.